Sauti Nene ya Mwanamke, Sauti Nyembamba ya Mwanamume

WATU wa pwani wana masikio makali. Mpigie mtu wa Mji wa Kale wimbo wa taarabu, na kabla ubeti wa kwanza haujesha atakwambia anayeimba ni nani, anayepiga udi ni nani, na pengine wimbo wenyewe ulisikika kwanza katika harusi ya nani. Lakini masikio hayo hayo, ukiyapelekea nyimbo za kale za Wazungu, zile ziimbwazo bila ya kipaza sauti mbele ya kundi kubwa la fidla, mara nyingi hupotea njia. Na mahali yanapopotea zaidi ni pawili: anapoimba mwanamke mwenye sauti nene, na anapoimba mwanamume mwenye sauti nyembamba.

Hivi karibuni nilikaa barazani na jamaa baada ya sala ya Isha, nikawafungulia katika simu yangu nyimbo mbili. Wa kwanza kuimba alikuwa mwanamke, Kathleen Ferrier. Wa pili alikuwa mwanamume, Alfred Deller. Wote wawili ni Waingereza na wote wamekwisha kufa zamani. Mzee mmoja aliyekuwa akivuta uradi wake kimya kimya aliinua kichwa akasema: “Huyo wa kwanza ni mwanamume, tena amefunzwa. Huyo wa pili ni bibi.”

“La, ami,” nikamwambia, “umewageuza.”

“Basi dunia ya Wazungu imesimama kichwa chini!”

Tulicheka sote. Lakini dunia haikusimama kichwa chini, na jambo hili lina maelezo yake. Nimeona yafaa tulizungumze kwa kirefu, kwani si la Wazungu peke yao. Linahusu koo la kila binadamu, na pia linahusu namna tunavyowahukumu watoto wetu kwa sauti walizopewa na Mola wao.

MAJINA YA SAUTI

Wazungu wamezipanga sauti za waimbaji wao kama ngazi. Kwa wanawake, ya juu kabisa huitwa soprano, ya kati mezo-soprano, na ya chini kabisa huitwa kontralto. Kwa wanaume, ya chini kabisa ni besi, ya kati baritoni, na ya juu tenori. Hapo ndipo wengi wetu tunapodhani ngazi imekwisha. Kumbe juu ya tenori ipo daraja nyingine, nayo huitwa kauntatena. Huyu ni mwanamume mzima, mwenye ndevu zake na watoto wake, anayeimba pale pale anapoimba mwanamke.

Basi kontralto ni mwanamke aliyeshuka, na kauntatena ni mwanamume aliyepanda, na wawili hawa hukutana njiani. Ukipima kwa hesabu za mafundi wa sauti, kontralto huimba kuanzia takribani mitikisiko 175 kwa sekunde hadi kiasi cha 700. Kauntatena naye huzunguka karibu na mipaka hiyo hiyo. Ndiyo maana wimbo mmoja ulioandikwa miaka mia mbili au mia tatu iliyopita waweza kuimbwa na huyu au na yule bila ya kubadilisha hata noti moja.

Swali basi ni hili: kama noti ni zile zile, tofauti iko wapi?

WALIZALIWA MWAKA MMOJA

Kabla ya kulijibu, hebu niwajulishe kwa wasomaji hao wawili niliowataja, maana historia yao ni ya ajabu. Kathleen Ferrier alizaliwa tarehe 22 Aprili, 1912, katika kijiji cha Higher Walton, kaskazini mwa Uingereza. Alfred Deller alizaliwa tarehe 31 Mei mwaka huo huo wa 1912, katika mji wa Margate, ulio kando ya bahari kusini mashariki mwa nchi hiyo. Walipishana siku 39 tu. Wala hakuna mmoja wao aliyezaliwa katika nyumba ya kitajiri au aliyepelekwa chuo kikubwa cha muziki.

Ferrier alikuwa akifanya kazi ya kuunganisha simu huko Blackburn. Alijua kupiga piano vizuri, lakini kuimba hakukuwa kazi yake. Mwaka wa 1937 alikwenda katika mashindano ya muziki ya mji wa Carlisle ili kupiga piano. Mumewe alimwekea dau la shilingi moja kwamba hatathubutu kuingia katika mashindano ya kuimba. Aliingia, na akatoka na ushindi wa piano na wa kuimba pia. Shilingi hiyo moja ndiyo iliyomfungulia mlango. Haikupita miaka kumi akawa anaimba mbele ya mabwana wakubwa wa muziki wa Ulaya.

Deller kwa upande wake alikuwa akifanya kazi katika duka la samani. Alipokuwa mtoto aliimba katika kwaya ya kanisa, kama watoto wengi wa Kiingereza. Sauti ilipovunjika kwa kubaleghe, yeye hakuacha kuimba juu; aliendelea pale pale, safari hii kwa njia nyingine nitakayoieleza. Katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili alikuwa mwimbaji katika kanisa kuu la Canterbury, na huko ndiko mtunzi Michael Tippett alikomsikia. Tippett alikuwa akitafuta mtu wa kuimba nyimbo za Henry Purcell, mtunzi wa Kiingereza aliyefariki mwaka wa 1695. Alipomsikia Deller alitambua kwamba amepata sauti ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imefungiwa ndani ya kuta za makanisa. Mwaka wa 1946 BBC ilipofungua idhaa yake mpya ya mambo ya elimu na sanaa, Deller alikuwamo miongoni mwa waimbaji wa usiku huo wa kwanza. Mwaka uliofuata alijiunga na kwaya ya kanisa kuu la St Paul's, London.

Mwaka huo huo wa 1946 Ferrier naye alipanda jukwaani Glyndebourne kuimba katika opera mpya ya Benjamin Britten iitwayo The Rape of Lucretia. Opera, kwa wasioijua, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka kumi na minne baadaye, yaani 1960, Britten huyo huyo alimtungia Deller nafasi ya Oberon, mfalme wa majini, katika opera aliyoitoa kwenye mchezo wa Shakespeare, A Midsummer Night's Dream. Mtunzi mmoja alisikia sauti mbili hizi, na kila moja akaipa kazi yake. Mwanamke mwenye sauti nene alimpa huzuni ya binadamu aliyedhulumiwa. Mwanamume mwenye sauti nyembamba alimfanya kiumbe asiyekuwa binadamu. Hapo msomaji ameanza kuiona tofauti.

NYUZI ZA KOONI

Sasa tuingie kooni. Ndani ya zoloto, lile fundo linaloonekana shingoni mwa mwanamume, mna nyuzi mbili laini za nyama. Pumzi ikipita kati yake, nyuzi hizo hutikisika, na kutikisika huko ndiko sauti. Za mwanamume mzima huwa na urefu wa milimita 17 hadi 25 hivi. Za mwanamke ni kama milimita 12 na nusu hadi 17 na nusu. Uzi mrefu na mnene hutikisika polepole, sauti ikawa nene. Uzi mfupi na mwembamba hutikisika upesi, sauti ikawa nyembamba. Mwenye kupiga udi hahitaji kufundishwa jambo hili. Yeye analiona kila siku katika nyuzi zake.

Kontralto ni mwanamke ambaye aghalabu nyuzi zake ni ndefu na nene kuliko za wanawake wengi. Anapoimba chini, hutumia nyuzi hizo zote, upana na unene wake. Zinagongana barabara, zinafungana na kufunguka. Waimbaji huiita hiyo sauti ya kifua, kwa kuwa mwenyewe huhisi kifua kikitetemeka. Hajilazimishi wala haigi. Huko chini ndiko nyumbani kwake.

Kauntatena amefuata njia nyingine. Wengi wao wakizungumza nawe utasikia sauti ya kawaida ya mwanamume, baritoni au hata besi. Wanapoimba huziachia nyuzi zivutwe mpaka ziwe nyembamba, zikatikisika kingo zake tu, huku sehemu kubwa ya uzi imetulia. Hiyo ndiyo falseto. Kila mwanamume anayo. Ndiyo sauti anayoitumia mtu akimwigiza bibi yake katika vichekesho, au baharia anapomwita mwenzake aliye mbali juu ya maji. Tofauti ni kwamba kauntatena ameichukua sauti hiyo ya mzaha, akaifunza miaka na miaka, mpaka ikawa na nguvu, na usafi, na pumzi ndefu.

Na hapa nitoe tahadhari. Si kila mwanamume aimbaye juu anatumia falseto. Muadhini hodari akipandisha sauti yake alfajiri hupanda juu sana, na bado sauti ni ile ile yake ya kiume. Huyo katika ngazi ya Wazungu ni tenori. Walikuwapo pia watu wachache kama Russell Oberlin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1928 na kufariki 2016, ambaye alikuwa tenori wa juu mno hata akaimba nyimbo za kauntatena bila ya kutegemea falseto. Mwaka wa 1961, opera ile ya Britten ilipopelekwa Covent Garden, London, ni Oberlin aliyeimba Oberon badala ya Deller. Jina la kauntatena, basi, limewafunika watu wa namna mbili.

UTAWATAMBUAJE?

Fundi mmoja akipiga noti ya la, yenye mitikisiko 440 kwa sekunde, kwa udi, na mwingine akaipiga kwa fidla, noti ni moja lakini hakuna atakayekosea kutambua kipi ni kipi. Ndivyo ilivyo kwa waimbaji hawa. Ndani ya kila noti mna noti nyingine ndogo ndogo zinazoifuata kama watoto wanavyomfuata mama. Sauti ya kifua ina watoto wengi. Falseto ina wachache. Kwa hivyo sauti ya kontralto, hasa huko chini, hujaa, ikawa nzito na yenye giza kidogo, mfano wa kahawa chungu. Ya kauntatena husikika safi na nyepesi, mfano wa filimbi.

Mimi nikitaka kuhakikisha hutumia njia tatu. Ya kwanza ni kungojea noti za chini. Kontralto akishuka, nguvu yake huongezeka. Ndipo anapofika kwao. Kauntatena akishuka, falseto yake hufifia, na karibu na noti ya do ya kati, yenye mitikisiko 262 hivi, aghalabu hulazimika ama kuimba kwa upole ama kurudi katika sauti yake ya kiume. Akirudi, utasikia kama mtu aliyebadilisha gia ya gari. Mafundi wakubwa huificha gia hiyo, lakini sikio la mtu wa pwani huikamata.

Njia ya pili ni kusikiliza noti za juu. Hapo kauntatena hung'ara. Kontralto akifika huko anakaribia mwisho wa mipaka yake, na sauti huwa na jitihada, tena jitihada hiyo mara nyingine ndiyo inayomliza msikilizaji.

Njia ya tatu ni kusikiliza irabu, yaani a, e, i, o, u. Sauti ikitoka katika nyuzi hupita kooni na kinywani, na njia hiyo kwa mwanamume ina urefu wa kiasi cha sentimita 17, ilhali kwa mwanamke ni kama sentimita 14. Mtungi mkubwa na mtungi mdogo havilii sawa. Kauntatena anaimba noti ya kike ndani ya mtungi wa kiume. Huko ndiko kunakompa ladha ile isiyofanana na mwanamke wala na mtoto. Kwa upande wa Ferrier, mwalimu wake Roy Henderson aliamini kwamba siri ya sauti yake ilikuwa nafasi kubwa isiyo ya kawaida iliyokuwa nyuma ya koo lake. Yeye alikuwa na mtungi mkubwa kuliko wa wenzake.

KISU KILIPOTUMIKA

Sasa niingie katika ukurasa mchungu. Kwa nini Wazungu walihitaji wanaume waimbe juu? Jibu ni kwamba katika makanisa yao wanawake kwa karne nyingi walikatazwa kuimba katika kwaya. Sauti za juu zilitakiwa, na wanawake hawakutakiwa. Zikabaki njia tatu. Ya kwanza ni watoto wa kiume, ambao sauti zao huvunjika wakati ndipo wameanza kuujua muziki. Ya pili ni wanaume wa falseto. Ya tatu, iliyotumika hasa Italia kuanzia karne ya 16, ilikuwa ni kumhasi mtoto kabla hajabaleghe, ili zoloto lake lisikue.

Mtoto huyo hukua mwili, kifua kikapanuka, mapafu yakawa ya mtu mzima, lakini nyuzi za kooni zikabaki za kitoto. Wachache walipata utajiri na sifa. Farinelli, aliyezaliwa mwaka wa 1705, alialikwa Hispania mwaka wa 1737 ili amwimbie Mfalme Philip wa Tano, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Lakini kwa kila Farinelli mmoja walikuwapo watoto wengi waliokatwa bure, sauti isije, na wengine waliofia katika kisu. Kisheria jambo hilo lilikuwa marufuku hata huko. Wazazi walikuwa wakidai kwamba mtoto ameanguka kutoka juu ya farasi au ameumwa na mnyama. Sisi Waislamu tunajua kwamba kumhasi binadamu ni haramu. Lakini hata asiyekuwa na dini, mradi ana mtoto, atasisimka mwili akisoma habari hizi.

Wa mwisho wao kujulikana kwa kuimba peke yake alikuwa Alessandro Moreschi wa kwaya ya Papa, aliyefariki mwaka wa 1922. Aliwahi kurekodiwa katika santuri mwaka wa 1902 na 1904, na sauti yake bado inasikika kwa anayetaka. Ilipotengenezwa filamu ya maisha ya Farinelli mwaka wa 1994, mafundi hawakupata koo moja lenye kuweza kuimba nyimbo zake. Wakachanganya kwa mitambo sauti ya mwanamume, kauntatena Derek Lee Ragin wa Marekani, na ya mwanamke, soprano Ewa Małas-Godlewska wa Poland. Ilibidi watu wawili waungane ili kuziba pengo lililoachwa na mtu mmoja aliyedhulumiwa.

WIMBO MMOJA, WENYEWE WENGI

Ipo opera moja inayoonyesha mambo haya yote kama kioo. Inaitwa Orfeo ed Euridice, ya mtunzi Gluck. Ni hekaya ya Wayunani wa kale: mwimbaji Orfeo anafiwa na mkewe, anashuka kuzimu kumdai, na kwa utamu wa sauti yake anarudishiwa, kwa sharti asigeuke kumtazama njiani. Anageuka.

Ilipochezwa Vienna mwaka wa 1762, Orfeo aliimbwa na Gaetano Guadagni, mmoja wa wale waliohasiwa. Mwaka wa 1774 Gluck aliipeleka Paris. Wafaransa hawakuwapenda waimbaji wa namna hiyo, naye akaiandika upya kwa ajili ya tenori wa juu, Joseph Legros. Mwaka wa 1859 Berlioz aliitengeneza tena ili iimbwe na mwanamke mwenye sauti ya chini, Pauline Viardot. Tangu hapo Orfeo, mume wa mtu, akawa mali ya kontralto kwa karibu miaka mia.

Ndipo tunamrudia Kathleen Ferrier. Aliiimba Glyndebourne mwaka wa 1947, na mwanzoni mwa 1953 akapangiwa kuiimba mara nne Covent Garden. Wakati huo alikuwa tayari mgonjwa wa saratani ya titi, na matibabu ya miale yalikuwa yameilegeza mifupa yake. Katika onyesho la pili, tarehe 6 Februari, mfupa wa paja ulivunjika akiwa jukwaani. Hakupiga kelele wala hakuondoka. Alisimama pale pale akijiegemeza, wenzake wakamzunguka, akaimba mpaka mwisho, akapokea makofi ya watu ambao hawakujua lolote, kisha akapelekwa hospitali. Hakuimba tena hadharani. Alifariki tarehe 8 Oktoba mwaka huo, umri wake miaka 41.

Deller alijaliwa umri mrefu zaidi. Alifariki mjini Bologna, Italia, mwaka wa 1979, na kabla ya hapo aliziona kauntatena zikichipua kila nchi, akiwamo mwanawe Mark. Leo Orfeo huimbwa na wanawake, na huimbwa na makauntatena pia.

NA KWETU JE?

Msomaji ataniuliza: haya yatuhusu nini? Nami nitamjibu kwa kumkumbusha sauti alizozipenda mwenyewe. Umm Kulthum wa Misri, aliyefariki tarehe 3 Februari, 1975, ambaye wazee wetu walikuwa wakimtegea redio kama wanaotega mwezi, sauti yake wajuzi huihesabu miongoni mwa kontralto. Alipokuwa msichana baba yake alimvalisha nguo za kiume ili aweze kuimba kasida mbele ya watu. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili, 2013, alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, na kwa sauti hiyo hiyo akaizunguka dunia na kutunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka wa 2005. Hakuna aliyewaambia wanawake hao wanyamaze kwa kuwa sauti zao si nyembamba.

Na kama twataka mfano wa mtu mweusi katika muziki huo wa Wazungu, yupo Marian Anderson wa Marekani, kontralto aliyezaliwa mwaka wa 1897. Mwaka wa 1939 alinyimwa ukumbi mkubwa wa Washington kwa sababu ya rangi yake. Basi tarehe 9 Aprili mwaka huo aliimba nje, kwenye ngazi za sanamu ya Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000. Mwaka wa 1955 akawa mwimbaji wa kwanza mweusi kupewa nafasi ya mhusika katika Metropolitan Opera ya New York.

Nayasema haya kwa sababu nina mpwa wangu, msichana wa miaka kumi na minne. Ana sauti nene, na hakosi noti hata moja. Katika madrasa aliyokuwa akisoma, walipokuwa wakijitayarisha kwa kasida za Maulidi, mwalimu alimweka nyuma ya wenzake akamwambia afungue kinywa tu asitoe sauti, kwa kuwa anaimba “kidume”. Mtoto alirudi nyumbani akamwambia mamake kwamba ana ugonjwa wa koo. Kwa muda wa miezi hakusikika akiimba hata jikoni. Nilimwekea Umm Kulthum, kisha nikamwekea Ferrier. Aliniuliza neno moja tu: “Mjomba, hawa nao waliwekwa nyuma?”

Wavulana nao hawakusalimika. Kijana ambaye sauti yake haikuvunjika sana, au anayependa kupanda juu katika kuimba, mara huitwa majina ambayo gazeti haliwezi kuyachapisha. Deller alikuwa pande la mtu mwenye ndevu na watoto, na bado watu walimtilia shaka uanaume wake kwa sababu ya sauti. Sauti ya juu haimwondolei mtu uanaume, wala ya chini haimwondolei mwanamke uanauke wake. Tumeona kwamba ni habari ya urefu wa nyuzi, na ni kingo zipi za nyuzi hizo zinazotikiswa na pumzi.

NANI MWENYE HAKI?

Huko Ulaya mjadala haujesha. Wako wanaosema kwamba nafasi zilizoandikwa kwa sauti za kiume za juu zirudishwe kwa makauntatena, kwa kuwa anayeigizwa ni mwanamume. Wengine wanasema makauntatena wamewanyang'anya makontralto riziki yao, na riziki hiyo ilikuwa chache tangu mwanzo, maana kontralto wa kweli ni adimu. Kwa upande wa pili, milango ya makanisa nayo imeanza kufunguka. Mwaka wa 2017 kanisa la St Paul's, lile lile lililomchukua Deller mwaka wa 1947, lilimwajiri kwa mara ya kwanza mwanamke katika safu ya waimbaji wake watu wazima, na sauti yake ni alto, mahali palipokuwa pa wanaume wa falseto. Miaka sabini kamili ilipita kati yao.

Rai yangu mimi ni kwamba tuuangalie wimbo wenyewe unataka nini. Ukitaka huzuni nzito inayotoka chini ya kifua, mpe kontralto, hata kama anayeigizwa ni mume wa mtu. Ukitaka sauti iliyo mbali, baridi, kama ya kiumbe kisichokanyaga ardhi, mpe kauntatena. Na walimu wetu wa kasida na wa taarabu, wanapopanga vijana wao, wasianze kwa kuuliza huyu ni mume au mke ili wajue sauti yake yapasa kuwaje. Na wamsikilize kwanza, noti za chini na noti za juu, wajue kwao ni wapi, kisha wamweke hapo. Kundi lenye sauti nyembamba peke yake ni kama ngoma bila ya msondo.